Mwongozo: kuweka sawa picha, video na nembo za kampuni yenye bidhaa katika nchi nyingi

Maswali ni yale yale kila mwezi. Mtu amepewa jukumu la "kupanga faili za kampuni", anafungua folda ya pamoja, anakuta nembo kumi na mbili zinazofanana na video inayoitwa `mwisho_mwisho_kweli2`, halafu ananiandikia: tununue mfumo gani wa kusimamia mali za kidijitali? Namjibu kwamba mfumo ni hatua ya saba. Ukiununua kwanza utahamia nyumba mpya na uchafu wa nyumba ya zamani, na baada ya muda mfupi watu watarudi kutumiana faili kwa barua pepe.

Tuelewane kwanza kuhusu jina. Ninaposema mali za kidijitali sizungumzii sarafu za mtandaoni. Nazungumzia picha za bidhaa, video za matangazo, nembo, michoro ya pakiti, fonti, sauti na maandishi ya kampeni: kila faili ambalo kampuni imelipia litengenezwe na inataka kulitumia zaidi ya mara moja. Kampuni ya sabuni, vipodozi au vinywaji yenye masoko thelathini inaweza kuwa na bidhaa moja yenye pakiti za lugha kumi, kila pakiti na picha zake za mbele, nyuma na ubavuni. Hapo ndipo folda za kawaida zinaposhindwa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho. Timu za nchi mbalimbali zitabishana kuhusu majina na ruhusa, na bila mwamuzi utakwama wiki ya pili.
- Orodha ya mahali faili zilipo: seva, hifadhi ya wingu, diski za mezani, kompyuta za wakala wa matangazo, simu za wasimamizi wa chapa. Usisahau wakala. Mara nyingi faili asilia ziko kwake na ninyi mna nakala iliyobanwa tu.
- Orodha rasmi ya bidhaa yenye namba ya GTIN, ile iliyo chini ya msimbopau. Huwa na tarakimu 8, 12, 13 au 14.
- Mikataba: wapigapicha, wanamitindo, muziki, fonti, picha za kununua. Kama haipatikani yote, chukua iliyopo na uandike ipi inakosekana.
- Watumiaji sita au wanane kutoka masoko tofauti, watakaokupa saa moja kila mmoja.
- Nakala ya akiba ya kila kitu, kabla hujagusa faili hata moja. Kanuni ya 3-2-1 inatosha: nakala tatu, kwenye aina mbili za vyombo, moja ikiwa nje ya jengo.

Anza na chapa moja na masoko mawili. Wanaoanza na dunia nzima nimewaona wakichoka kabla ya kufika katikati.

Hatua ya 1: Keti na wanaotafuta

Mwombe kila mtumiaji akutafutie vitu vitatu mbele yako: picha ya pakiti ya sasa, nembo ya kuchapisha, na video ya kampeni iliyopita. Usimsaidie. Andika maneno anayoyachapa, folda anazofungua, na dakika anazotumia.

Utashangaa. Mmoja atachapa namba ya bidhaa, mwingine jina la kampeni, wa tatu ataandika "chupa ya bluu ile kubwa". Wa nne hatatafuta kabisa; atampigia simu mwenzake. Karatasi hiyo ya maneno ndiyo itakayokuongoza hatua ya 5, kwa hiyo itunze.

Hatua ya 2: Hesabu ulichonacho, usihamishe chochote

Tengeneza jedwali lenye njia ya faili, ukubwa, tarehe na aina. Kisha tafuta nakala pacha kwa kutumia alama ya SHA-256, ambayo ni kama alama ya kidole ya faili. Kwenye Windows fungua PowerShell uandike `Get-FileHash` kisha jina la faili. Kwenye Mac ni `shasum -a 256`. Faili mbili zikitoa alama moja, ni kitu kimoja hata kama majina yamepishana. Kwa maelfu ya faili, mwombe mtu wa kompyuta akuandikie programu ndogo ya kupita folda zote.

Tahadhari: alama hii hukamata nakala zilizo sawasawa kabisa tu. Picha ile ile ikipunguzwa ukubwa au kuhifadhiwa upya kama JPEG hutoa alama nyingine. Hizo zinahitaji programu inayolinganisha sura za picha, na jicho la mtu mwishoni.

Hatua ya 3: Gawanya mafungu matatu

Yanayotumika sasa, ya kuhifadhi kabatini, na ya kufuta. La kwanza huwa dogo kuliko watu wanavyodhani. Pakiti za zamani na kampeni zilizopita ziende kabatini, kwa sababu wanasheria na watu wa historia ya chapa watazihitaji siku moja. Cha kufuta ni nakala pacha, majaribio yasiyopitishwa, na faili zilizoharibika. Mwenye chapa asaini orodha ya kufuta kabla hujabonyeza.

Hatua ya 4: Jina la faili

Jina liwe fupi na libebe mambo yasiyobadilika tu. Mfano:

`B1047_pakiti-mbele_DE-de_2025-03-14_v03.tif`

Hapo una namba ya bidhaa, kinachoonekana, nchi na lugha, tarehe, na toleo. Neno "imepitishwa" usiliweke kwenye jina. Hali ya faili hubadilika, na jina likishasambaa hulirudishi.

Kuhusu tarehe, andika mwaka kwanza, kama kiwango cha ISO 8601 kinavyotaka. 03/04/2025 ni tarehe 3 Aprili kwa Mwingereza na Machi 4 kwa Mmarekani, na tofauti hiyo inatosha kuzindua kampeni mwezi usio wake.

Kuhusu nchi na lugha, tumia misimbo ya ISO 3166 na ISO 639, wala usibuni yako. Hapa ndipo wageni wengi wanapoteleza. CH ni Uswisi. China ni CN. Uingereza ni GB, na `uk` ya herufi ndogo ni lugha ya Kiukreni. Sweden ni SE lakini Kiswidi ni `sv`, na `sw` ni Kiswahili chetu. SV ya herufi kubwa ni El Salvador. Bandika kijikaratasi chenye misimbo ya masoko yenu karibu na kila anayepakia faili.

Tahadhari: epuka nafasi, herufi zenye alama juu, na alama `\ / : * ? " < > |`. Windows inazikataa alama hizo, na faili lililotoka Mac likiwa nazo litagoma njiani.

Hatua ya 5: Metadata

Metadata ni maelezo yanayosafiri na faili: ni picha ya nini, ya nani, ya soko gani, itumike hadi lini. Mfumo hauwezi kupata kisichoandikwa. Lakini usidai sehemu arobaini kwa kila picha, maana watu watajaza "x" wapite. Dublin Core, kiwango kinachotumiwa na maktaba nyingi, kina vipengele 15 tu. Mimi huanza na hivi, vyote vya lazima:

1. Namba ya bidhaa na GTIN
2. Chapa na kampeni
3. Aina (picha ya bidhaa, mtindo wa maisha, nembo, video, mchoro wa pakiti)
4. Nchi na lugha
5. Hali (rasimu, imepitishwa, imestaafishwa)
6. Aliyetengeneza na mwenye hakimiliki
7. Mwanzo na mwisho wa haki
8. Maelezo ya sentensi moja

Kila panapowezekana mtumiaji achague kwenye orodha, asiandike mwenyewe. Mkiruhusu kuandika, ndani ya mwezi mmoja mtakuwa na "shampoo", "Shampuu" na "shampo" kama vitu vitatu tofauti. Sasa rudi kwenye karatasi ya hatua ya 1: maneno yote waliyoyachapa yawe visawe vinavyoelekeza kwenye neno rasmi. Aliyeandika "chupa ya bluu" naye afike.

Picha zenyewe zibebe maelezo haya ndani yake kwa kutumia XMP, mfumo ambao Adobe iliutoa mwaka 2001 na ambao tangu 2012 ni kiwango cha ISO. Vipengele vya IPTC (kiwango cha maelezo ya picha kilichotoka kwenye vyombo vya habari) vya mpigapicha, hakimiliki na maelezo vinakaa humo humo, kwa hiyo hata faili likitoka nje ya mfumo bado linajitambulisha.

Tahadhari kubwa kuhusu Excel. Ukimwaga namba za GTIN kwenye safu ya kawaida, Excel inazichukulia kama hesabu. Sifuri ya mwanzo inadondoka, na namba ya tarakimu 13 inaonekana kama 4.01E+12. Ukihifadhi hapo kama CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, kinachoandikwa ni hicho kinachoonekana, na tarakimu zako zimekwenda. Badili safu iwe ya maandishi *kabla* ya kubandika. Nimekaa usiku nikirekebisha namba mia kadhaa kwa mkono, nikisoma msimbopau mmoja mmoja kwenye picha, na sitaki likukute.

Hatua ya 6: Haki za matumizi

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo yenye hasara kubwa.

Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo timu ya nchi moja ilirudisha hewani tangazo la mafuta ya nywele. Picha ilikuwa nzuri, jina la faili sahihi, bidhaa bado iko sokoni. Mkataba wa mwanamitindo ulikuwa umeisha miezi minne nyuma, na mkataba wenyewe ulikuwa PDF kwenye kompyuta ya mtu aliyekwisha kuacha kazi. Dada aliyepakua picha ile hakukosea hata kidogo. Hakuna mahali popote palipomwambia. Lakini yeye ndiye aliyeitwa kujieleza, na hilo liliniuma kuliko fidia iliyolipwa.

Kwa kila faili lenye mtu, muziki au kazi ya mtu wa nje, jibu maswali manne: tunaruhusiwa nchi zipi, kwa njia zipi, kuanzia lini, hadi lini. "Njia" igawanywe: runinga, mabango, magazeti, tovuti, mitandao ya kijamii, pakiti. Mkataba wa mtandaoni haukupi bango la barabarani.

Video ina tabaka. Mwigizaji ana mkataba wake, muziki una wake, sauti ya msimulizi ina wake, na fonti ya maandishi ina leseni yake. Tarehe ya video nzima ni ya tabaka linaloisha mapema kuliko yote. Muziki unaopatikana bure ndani ya programu za mitandao ya kijamii usiudhanie kuwa ni wa matangazo. Akaunti za biashara mara nyingi zina masharti mengine. Na picha ya kununua yenye leseni ya uhariri, yaani ya habari, hairuhusiwi kutangaza bidhaa.

Sura ya mtu anayetambulika pia ni taarifa binafsi. Chini ya sheria ya Umoja wa Ulaya, GDPR, inayotumika tangu Mei 25, 2018, aliyetoa idhini ana haki ya kuiondoa. Kwa hiyo hakikisha unaweza kupata picha *zote* za mtu mmoja kwa utafutaji mmoja. Hati ya idhini iunganishwe na faili, isikae kwenye barua pepe.

Picha zilizotengenezwa na akili bandia zitambuliwe tangu siku ya kwanza. IPTC ina kipengele cha chanzo cha kidijitali chenye thamani `trainedAlgorithmicMedia` kwa kazi hiyo. Kuziweka alama baadaye, zikiwa zimechanganyika na za kamera, ni kazi ya kukisia.

Kanuni ninayoshikilia: faili lisilojulikana haki zake linaonekana, ila halipakuliki. Watu watalalamika. Wasikilize, uwasaidie kutafuta mkataba, lakini usifungue. Weka pia taarifa za mapema, siku 90 na siku 30 kabla ya haki kuisha, ziende kwa msimamizi wa chapa na kwa nchi zilizopakua.

Hatua ya 7: Sasa chagua mfumo

Usishawishike na maonyesho ya muuzaji yenye picha zake safi. Mpe faili zako 200: video nzito, mchoro wa pakiti wenye tabaka nyingi, TIFF ya CMYK (rangi za kuchapisha), jina lenye herufi za Kiarabu au Kichina. Waite wale watumiaji wa hatua ya 1 watafute vitu vyao vitatu, upime tena dakika.

Kisha uliza: haki ikiisha, mfumo unafunga faili wenyewe? Unaweza kuunganishwa na mfumo wa taarifa za bidhaa na tovuti? Watu wataingia kwa akaunti yao ya kazi? Na siku tukiondoka, tutatoka na metadata yote katika umbo tunaloweza kulisoma? Hilo la mwisho lipate jibu la maandishi.

Hatua ya 8: Hamisha kwa mafungu

Faili hamsini kwanza. Kagua kila moja kwa macho: picha ipo, maelezo yapo, herufi hazijaharibika. Ndipo fungu la mia tano, kisha yaliyobaki. Baada ya kila fungu linganisha idadi na alama za SHA-256 za kabla na baada.

Folda ya zamani igeuzwe ya kusoma tu siku ile ile chapa inapohamia. Ukiiacha wazi utakuwa na maghala mawili, na jipya ndilo litakalokufa.

Hatua ya 9: Nani afanye nini

Wachache wapakie, wachache zaidi wapitishe, wengi wapakue. Faili asilia liguswe na timu ya chapa peke yake. Timu za nchi zitengeneze matoleo yao ya lugha kutokana nalo, na kila toleo liunganishwe na asilia ili pakiti ikibadilika ujue nani wa kuarifu.

Awepo mkutubi. Si lazima aitwe hivyo, lakini mtu mmoja awe na kazi hii kwenye maelezo yake ya kazi, wala isiwe "ukipata nafasi". Na mkataba wa wakala useme wazi: malipo ya mwisho yanatoka faili asilia zikiwa ndani ya mfumo, pamoja na metadata na hati za haki. Sharti hilo moja limenisaidia kuliko mafunzo yote niliyowahi kutoa.

Hatua ya 10: Toa kiungo, acha kiambatisho

Tovuti, mfumo wa bidhaa na washirika wa mauzo wachukue picha kwa kiungo kutoka chanzo kimoja. Mfumo utengeneze ukubwa mbalimbali wenyewe: sRGB kwa skrini, CMYK kwa kuchapisha. Wafundishe watu hesabu ndogo: upana wa sentimita 10 kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji pikseli zipatazo 1,181. Picha ya pikseli 400 iliyochukuliwa kwenye tovuti haitatosha, hata mbunifu afanyeje.

Hatua ya 11: Pima kila mwezi

Angalia utafutaji uliorudi mtupu, faili zisizo na tarehe ya haki, na masoko ambayo hayajapakua chochote. Orodha ya kwanza inakupa visawe vipya vya kuongeza. Ya tatu inakuambia nani umpigie simu.

Yakikwama

*Utafutaji hauleti kitu na faili lipo.* Kagua hali yake. Mara nyingi limebaki "rasimu" na aliyetafuta hana ruhusa ya kuona rasimu. Kisha kagua tahajia ya neno na kama kuna kisawe.

*Rangi za nembo zimepauka au zimewaka kwenye tovuti.* Mtu amepakia JPEG ya CMYK, au wasifu wa rangi umeondolewa wakati wa kuhifadhi. Toa upya kutoka faili asilia ukiwa na sRGB.

*Metadata imepotea.* Baadhi ya njia za kuhifadhi kwa ajili ya wavuti huondoa maelezo ili kupunguza ukubwa, na mitandao ya kijamii mingi hufuta metadata ya picha zinazopakiwa. Kwa hiyo usikubali kamwe picha iliyoshushwa kutoka ukurasa wa kampuni irudi kwenye mfumo kama asilia.

*Majina yamegeuka alama za ajabu.* CSV haikuhifadhiwa kwa UTF-8, usimbaji unaobeba herufi za lugha zote. Usirekebishe neno kwa neno. Futa fungu hilo, hifadhi upya, ingiza tena.

*Nchi moja imerudi kwenye folda yake.* Usianze na karipio. Kaa nao, waombe wakutafutie vitu vitatu kama hatua ya 1. Takriban kila mara nimekuta sababu ya kweli: intaneti yao hubeba video nzito kwa shida, au lugha yao haimo kwenye orodha.

*Pakiti ya zamani bado inaonekana kwenye duka la mtandaoni.* Ama wana nakala yao waliyoipakua zamani, ama picha imebaki kwenye hifadhi ya muda ya seva. Fungua kumbukumbu ya upakuaji, angalia nani aliichukua na lini, mtumie kiungo kipya pamoja na GTIN, na umwombe afute nakala yake. Kisha fungua ukurasa ule kesho yake uone kwa macho yako.